Gwakisa na Saa ya Kuchaji Mafinga

Gwakisa Mwakyoma anaweza kuongea na kila kitu isipokuwa mwanamke anayempenda. Anaongea na ng'ombe wanaovuka barabara kwenye njia panda ya Rujewa, anaongea na malori yanayompita vibaya, anabishana na mtangazaji wa redio ambaye hamsikii. Lakini mweke mbele ya Apolonia wa Mafinga, utadhani amemeza kufuli. Mimi Nusrat ni mhudumu wa basi lake: nakata tiketi, nagawa maji, nawatuliza wanaotapika. Nimeyaona haya yote kwa macho yangu, na wakati yanatokea nilikuwa na hasira za kutosha kuchemshia chai.

Amezaliwa kule juu ya Tukuyu, kwenye mvua isiyojua kupumzika, mtoto wa mwisho wa mkulima wa chai na ndizi. Shule aliipenda, ila barabara aliipenda zaidi. Alianza utingo kwenye lori la mbao, akapanda mpaka kuwa dereva wa malori ya mafuta ya kwenda Zambia. Mke wake alipofariki aliacha safari za nje akashika mabasi, kwa sababu, anasema, lori lina siti mbili, na moja ikibaki tupu inakutazama njia nzima. Hawakujaliwa mtoto. Hilo halisemi kamwe, ila mwangalie anavyowapokea watoto wa abiria pale mlangoni, mmoja mmoja, kama mtu anayepokea trei ya mayai.

Enzi za dizeli hakukuwa na fundi wa resi kama yeye katika stendi yote ya Mbeya. Resi, kwa asiyesafiri, ni ule mchezo wa dereva kukanyaga mafuta ili basi lingurume, litikisike, lisogee mbele kidogo, lirudi nyuma kidogo, mpaka abiria aliyeko kwenye chai aamini kwamba linaondoka sasa hivi, aache kikombe na kupanda mbio. Kumbe bado sana. Gwakisa aliweza kulijaza basi kwa resi peke yake, bila mpiga debe. Akishalijaza anageuka ananiambia, “Umewaona, Nusra? Wamekuja wenyewe kama kumbikumbi.”

Kila safari ya Mbeya kwenda Iringa tulisimama Mafinga dakika kumi, watu wachimbe dawa na watie kitu tumboni. Gwakisa alikula kwa Apolonia, kwenye mgahawa wa mabati ya bluu mkabala na kiwanda cha mbao. Apolonia ni Mhehe wa Kalenga, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Eveline ambaye ni muuguzi Dodoma, ndiyo maana sote tunamwita Mama Eve. Ni mwanamke wa sweta juu ya kitenge na maneno machache, kwani baridi ya Mafinga haitaki mtu aache mdomo wazi. Na kila safari, juu ya wali wa Gwakisa, kando ya mnofu, ilikaa firigisi.

Hapo lazima nisimame kidogo. Firigisi ya kuku hailiwi na yeyote tu. Ni ya baba mwenye nyumba. Bara ni hivyo, na hata Pwani alikotoka babu yangu ni hivyo. Mwanamke akimpakulia firigisi mwanamume asiye ndugu yake, leo na kesho na mtondogoo, mbele ya kadamnasi, basi ameshasema yote ambayo mwanamke wa heshima anaruhusiwa kusema. Yaliyobaki ni ya mwanamume. Na mwanamume wetu alifanya nini? Aliila. Aliitafuna taratibu, akainua macho, akafungua mdomo, akasema, “Mama Eve, hii... hii pilipili yako ya leo...” Kisha honi ikalia, naye akakimbilia usukani huku anajifuta mdomo kwa kiganja. Honi niliibonyeza mimi, na sina toba. Ratiba ni ratiba.

Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, firigisi zinaliwa bure. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

“Anko Gwaki, huoni haya? Firigisi zote hizo, na wewe unasifia pilipili!”

“Dakika kumi, Nusra! Mtu mzima ataposa vipi kwa dakika kumi? Hata kuku haivi.”

“Mimi nilitongozwa kwenye foleni ya maji, na ndoo haijajaa.”

“Na ukaachika kabla picha za harusi hazijasafishwa.”

Nikaenda kuwagawia abiria maji.

Ndipo bosi wetu, Bwana Junaid, alipoleta basi la umeme. Bwana Junaid ni mfanyabiashara wa Mbeya ambaye wazee wake walipanda kutoka Pwani na mizigo ya vitambaa wakanogewa na baridi. Ana kofia safi, ana maneno mazuri, na ana ugonjwa wa kupenda kitu kipya. Basi lenyewe alipewa kwa majaribio: likimfaa analibakiza, lisipomfaa linarudi Dar es Salaam lilikotoka. Lilikuwa refu, jeupe pee, halina bomba la moshi. Wapiga debe walilizunguka wakiinama kulitafuta bomba hilo kama watu waliopoteza sindano.

Asubuhi ya kwanza Gwakisa alikaa kwenye kiti, akashika usukani kwa madaha, akakanyaga ili awape watu resi yao. Kimya. Akakanyaga tena kwa hasira. Basi likasogea mbele polepole bila hata kukohoa, akalifunga breki, akanitazama kwa macho ya kutia huruma. Mfalme wa resi alikuwa amevuliwa taji mbele ya stendi nzima. Muda ulipofika tukaondoka, na nusu ya abiria wetu tukawaacha kwenye chai, kwa sababu tangu wazaliwe hawajawahi kuona basi linaondoka bila kupiga kelele. Walitukimbiza kwa bodaboda mpaka Uyole. Mama mmoja alipanda bado ana kikombe cha watu mkononi, akatupigia kelele, “Mmeondoka kama wezi!” Tangu siku hiyo nikawa nazunguka stendi na kengele niliyoazima kwenye shule ya Jumapili ya jirani yangu, nami Mwislamu wa watu, nawakusanya abiria kama kondoo.

Maswali yalikuwa hayaishi. Mvua ikinyesha hatutapigwa shoti? Simu ikiisha chaji, je, nayo inalinyonya basi? Kuna bwana alipanda amevaa raba za mpira kwa usalama na hakuzivua mpaka Igurusi, alipoona sote bado tunapumua. Lakini tulipofika mlima wa Inyala, Gwakisa mwenyewe aligeuka mtoto. Mteremko ule kila dereva anauogopa. Malori yanashuka yananuka breki zilizoungua, na abiria wanaanza kusali kila mmoja kwa dini yake. Basi la umeme likishuka hujishika lenyewe, na ile nguvu ya kujizuia inarudi kwenye betri. Gwakisa aliitazama namba kwenye kioo inapanda badala ya kushuka, akapiga usukani kwa kofi.

“Tunashuka na bado tunajaza! Jamani! Mlima umetulipia!”

Abiria wakashangilia kana kwamba timu imefunga bao. Nilicheka nikamwaga maji ya watu wawili. Na kwa vile hakukuwa na mngurumo, mtu wa siti ya nyuma aliweza kumjibu wa siti ya mbele, na kufika Chimala basi zima lilikuwa linajuana kwa majina na magonjwa.

Sasa nisije nikaitwa mpiga debe wa umeme, nitasema na shida zake. Betri zimekaa humo humo tumboni mwa basi, kwa hiyo buti ni dogo. Na nani amewahi kupita Usangu kwenda Iringa bila mchele? Watu wetu hawafiki ugenini mikono mitupu. Pale njia panda ya Rujewa walikuwa wanasimama na magunia, na Gwakisa, ambaye zamani alikuwa anapakia mpaka mlangoni, sasa anawanyoshea mkono: “Gunia moja moja tu, wazee wangu. Uzito huu unakula chaji.” Wakamnunia. Kutoka pale ni kupanda mpaka Makambako, na namba iliyopanda kwa furaha Inyala ilikuwa inashuka kwa aibu. Pale Nyigo upepo unatukabili uso kwa uso, inashuka tena. Tukifika Mafinga tumebakiwa na kidogo, na mjini Iringa hakuna pa kuchajia, kwa hiyo Mafinga ilikuwa lazima tujaze ya kwenda na ya kurudi.

Bwana Junaid alikuwa amepatana na kiwanda cha mbao, maana wao wana umeme mkubwa wa kuendeshea misumeno. Tunaingia uwanjani mwao kati ya marundo ya mbao za msindano, tunachomeka waya mnene, tunangoja. Saa nzima na nusu. Msumeno mkubwa ukifanya kazi, tunangoja zaidi. Abiria walilalamika, nami siwalaumu. Mtu anakwenda mazishini, mwingine ana mgonjwa, mwingine ana haraka ya kuzaliwa nayo, unamwambiaje kwamba basi linakula kwanza? Baadhi walishuka wakadandia mabasi ya dizeli yaliyopita wakitupungia mikono ya kebehi.

Mtu mmoja tu alikuwa anashuka pale anameremeta. Gwakisa alikuwa amepata saa nzima na nusu na Apolonia, kila safari, halali, bila honi. Nilimuombea dua. Nilikaa meza ya pembeni nikijifanya natazama simu, masikio nimeyatega. Apolonia akaleta sahani, firigisi juu, akavuta kiti, akaketi. Aliketi! Mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana amekaa tangu mgahawa ufunguliwe. Gwakisa akakohoa, akanyoosha mgongo, akafungua mdomo wake.

Akamweleza habari za betri.

Wallahi. Alimweleza jinsi umeme unavyoingia, jinsi unavyotoka, kwa nini baridi inazidhoofisha, kwa nini mlima unazishibisha. Siku ya kwanza nikasema anapasha injini. Siku ya pili akaendelea alipoishia. Mwezi ulipoisha Apolonia alikuwa anaweza kulifungua basi lile na kulifunga upya, lakini neno moja la moyo alikuwa hajalisikia. Mimi nilikuwa natafuna vijiti vya meno mpaka vinaisha mezani.

Kisha mambo mawili yakaja pamoja, kama yanavyopenda kuja. La kwanza, Bwana Junaid alitangaza kwamba safari inayofuata atapanda mwenyewe, akae na abiria, aone, kisha aamue. Kwa malalamiko aliyokwisha kupokea, alisema, analiona basi likirudi Dar. La pili nililisikia kwa Devota, binti anayemsaidia Apolonia jikoni. Eveline amejifungua, anataka mama yake afunge mgahawa ahamie Dodoma amlelee mtoto. Apolonia amekubali. Ameshafunga mizigo. Jumamosi anaondoka.

Nilimwambia Gwakisa asubuhi ya safari hiyo, stendi, kabla sijapiga kengele. Akapanda kwenye kiti chake, tukaondoka. Inyala namba ilipanda, hakuitazama. Ng'ombe wa Rujewa walivuka hakuwasemesha. Bwana Junaid, aliyekaa siti ya mbele, akaniuliza kwa kunong'ona, “Dereva wako mzima?” Nikamwambia ana malaria ya moyo.

Mafinga tukachomeka waya, tukaenda kula. Apolonia akaleta sahani ya Gwakisa: wali, mboga, paja la kuku. Nikanyoosha shingo. Gwakisa akaligeuza paja kwa kidole, akatazama chini yake. Hakuna firigisi. Ilikuwa kwenye sahani ya Bwana Junaid, imekaa juu ya wali wake, inang'aa.

“Mama, hii si ya mwenyewe?” akauliza Bwana Junaid, ambaye mila anazijua.

“Ya mgeni,” akajibu Apolonia. “Hapa wote ni wageni.”

Akarudi jikoni. Bwana Junaid, maskini, hakujua analokula, akaitafuna akaisifu. Gwakisa akaweka kijiko chini, akainuka, akavuka barabara, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha udereva katika basi lisilokwenda popote, ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilipata hasira mpya kabisa, tena safari hii machozi yalikuwa karibu. Niliona wazi kwamba mtu huyu anaachwa, na anaachwa kwa sababu ya ulimi wake mwenyewe.

Na hapo hapo umeme ukakatika. Mafinga nzima. Msumeno ulinyamaza katikati ya gogo. Taa ya waya wetu ikazima. Abiria wakaanza: nani aliwaambia mlete mdude huu, turudishieni nauli, mimi nina kikao Iringa. Bwana Junaid akavua kofia, akajipangusa, nikaona macho yake yakisema Dar es Salaam.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni hasira tu. Nilichukua kengele nikaipiga pale uwanjani kama kanisa linaungua.

“Ndugu abiria! Tangazo! Umeme umekatika, na hakuna ajuaye utarudi lini. Kukaa mnakasirika hakutaurudisha. Dereva wenu anampenda mwanamke yule wa mgahawa. Anampenda tangu zama za dizeli. Jumamosi mama yule anahamia Dodoma, na mwanamume huyu hana mshenga, hana wazazi, hana kaka hapa. Ana nyinyi.”

Kisha mama mmoja mnene kutoka Kiwira, Tupokigwe jina lake, ambaye tangu Mbeya alikuwa amekumbatia mkungu wa ndizi anaowapelekea wajukuu, akasimama. “Kijana wetu wa Tukuyu anakufa na kiu, na sisi tumekaa? Ndaga fijo, asante sana, binti, kwa kutuambia. Nani ana mchele?”

Mchele! Nusu ya basi ilikuwa na mchele. Magunia yakashushwa, watu waliokuwa wanadai nauli sasa wanabeba. Lakini kabla hatujapanga safu, mzee Sosthenes, katekista wa Ifunda, akanyanyua fimbo.

“Ngojeni! Mama yule ni wa kwetu. Mhehe haposwi bila kuwa na watu. Wote mnaoshukia Ifunda, Tanangozi na Iringa, nifuateni!”

Wakakimbia, jamani, watu wazima na heshima zao, wakavuka barabara wakaingia mgahawani kabla yetu, wakakaa kwenye mabenchi na kukunja nyuso kama wenye nyumba. Apolonia alitoka jikoni na mwiko mkononi akakuta ana ukoo mpya. Sisi wa Mbeya tukabaki nje na ndizi na mchele, tumemweka Gwakisa katikati. Tulimtoa kwenye basi kwa kumvuta mikono. Na mshenga? Nilimgeukia Bwana Junaid. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, na nikaona ameshasahau mambo ya majaribio. Mtu wa asili ya Pwani ukimwonyesha posa amekwisha.

“Hodi!” akaita.

“Nani?” akafoka Sosthenes kutoka ndani.

“Wageni wa heri, kutoka Mbeya.”

“Mbeya gani? Mbona mnanuka ndizi?”

“Ndizi hizi ndizo zitakazomnenepesha binti yenu!” akajibu Tupokigwe, na mabenchi yote yakacheka, upande wao na upande wetu. Wakatuzuia mlangoni mpaka mchele uingie kwanza. Tukaingia tunapiga vigelegele. Bwana Junaid akasimama katikati, sauti imelainika.

“Sisi ni wapita njia. Tumeona moshi wa jiko lenu tangu mbali, tukauliza, moto huu una mwenyewe? Tuna mwenzetu nyumbani kwake kumepoa siku nyingi. Tumekuja kuomba moto. Hatutauazima tukaurudisha, tunaomba ukae.”

Wanawake wakasema “Eeeh!” Hata mimi niliyeachika nilitamani kuolewa tena pale pale. Sosthenes akatikisa kichwa, hakulainika haraka, akamgeukia Apolonia kama desturi inavyotaka. “Binti yetu, wageni hawa unawajua?”

Hilo ndilo swali. Binti akisema nawajua, posa imekaa. Akisema siwajui, mnabeba mchele wenu. Apolonia aliweka mwiko chini. Uso wake haukuonyesha chochote.

“Nawajua,” akasema. “Wanakula, wanaondoka.”

Kicheko kilianza kikafa chenyewe, kwa sababu yeye hakucheka.

“Mimi posa ya kutumiwa watu nilishaletewa nikiwa msichana. Nikaolewa, nikamzika, nashukuru. Sasa mimi ni mtu mzima. Nimempakulia huyu baba mpaka Mafinga nzima inanicheka. Kama ana neno, aseme mwenyewe. Kama hana, magari ya Dodoma yapo.”

Kila mtu akamgeukia Gwakisa. Kwa mila mposaji hasemi; watu wake ndio wanaosema. Bubu huyu alikuwa amepata mila inayomfaa, na mwanamke ameivunja. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Akafungua mdomo.

“Mama Eve... betri...”

“Aaaah!” basi zima likapiga kelele kwa uchungu. Tupokigwe alimpiga kofi la mgongo. “Achana na betri, baba!”

Gwakisa akafumba macho. Akayafumbua.

“Apolonia.” Sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo. “Apolonia, usiende. Mimi barabara hii nimeipita mpaka mashimo yake nayajua, na sina mahali natamani kufika ila hapa. Nikitoka hapa naanza tena kukungoja. Naogopa ukinikataa nitapita tu na sina pa kusimama, ndiyo maana nasema vitu vya kijinga. Nakupenda. Nisamehe nimechelewa. Usiende.”

Nilikuwa nalia waziwazi, kengele mkononi. Apolonia alijipangusa mikono kwenye kitenge chake, polepole, kidole kimoja kimoja, akamgeukia Sosthenes.

“Wageni nawajua,” akasema tena, na safari hii sauti ilitetemeka. “Devota, angalia wali usiungue. Mimi nakwenda Kalenga kwa kaka yangu. Posa haiishii jikoni. Huyu akamwambie kaka maneno haya haya, ila betri asiziongeze.”

Vigelegele vilivyotoka pale nadhani vilisikika Sao Hill. Waliokuwa ukoo wa bibi harusi walicheza na waliokuwa ukoo wa bwana harusi, mkungu wa ndizi ukagawanywa, mchele mwingine ukaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Katikati ya kelele hizo nilitambua kwamba ng'ambo ya barabara msumeno unalia. Umeme ulikuwa umerudi zamani. Betri ilikuwa imejaa, na hata yule wa kikao Iringa alikuwa anacheza na katekista.

Tulipoondoka, Apolonia alikaa siti ya mbele, karibu na Bwana Junaid. Miaka yote hiyo anawalisha abiria wetu, hakuwahi kupanda basi letu. Alishika vyuma vya mbele kwa mikono miwili. “Mbona halilii?” akauliza. Gwakisa alimjibu kila kitu, na nilimruhusu.

Bwana Junaid akanivuta karibu. “Hili silirudishi,” akasema. “Wenye haraka wana mabasi yao, na wasilaumiwe. Hili tutaliandika kabisa: safari ya siku nzima, chakula Mafinga. Na harusi. Unajua ni harusi ngapi zinasafiri kati ya Mbeya na Iringa?” Macho yake yalikuwa yanang'aa, alishapata ugonjwa mwingine.

Tulipopita Ifunda na kumshusha Sosthenes kwa nyimbo, Apolonia akatoa simu akampigia binti yake. Hajazoea kuongea na simu ndani ya gari, kwa hiyo aliiwasha spika na kupaza sauti kama yuko kwenye basi la dizeli. Hakujua kwamba kwenye basi letu hata mnong'ono hufika siti ya nyuma.

“Eve, Jumamosi siji. Mtoto mlete wewe huku, nitamlea hapa hapa. Mimi naolewa.”

Basi zima likatega masikio. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ya kujifanya hasikii.

“Na nani, mama?”

“Na dereva.”

Tukasikia binti akipumua, mbali huko Dodoma, na kichanga kikilia nyuma yake. Gwakisa alikazia macho barabara.

“Yupo hapo? Mpe simu.”

Apolonia akanipa mimi, nikamwekea Gwakisa sikioni, ingawa haikuwa na maana, kwani sote tulikuwa tunasikia.

“Haloo,” akasema Gwakisa.

“Shikamoo, baba.”

Alipaswa kujibu. Mtu mzima akiamkiwa anajibu, hata akiwa amelala. Gwakisa alifungua mdomo, akaufunga, akawasha taa ya pembeni, akalitoa basi nje ya barabara pole pole pale Tanangozi, akalisimamisha. Halikuwa na injini ya kuzima, kwa hiyo kilichobaki kusikika ni yeye tu, ameinamisha paji la uso kwenye usukani, analia, na anasema ndani ya simu, “Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba.”